Mwongozo Kamili wa Kuzuru Kibuga cha Mengo na Masiro ya Kasubi kwa Siku Mbili

Mgeni anayefika Kampala na kuuliza mji mkuu wa kale wa ufalme wa Buganda uko wapi huonyeshwa vilima, wala haonyeshwi magofu. Mji huo, ambao kwa Kiganda huitwa kibuga, haukuwa na makao ya kudumu hadi mwishoni mwa karne ya 19. Kila Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, alichagua kilima chake na kujenga ikulu ya matete na nyasi, na machifu, mafundi na wafanyabiashara wakahamia kandokando yake. Naye alipoaga dunia, mrithi wake alihamia kilima kingine. Kwa hiyo anayetaka kuuona mji huo hana budi kupanda na kushuka.

Nimewatembeza ndugu na marafiki wengi kutoka Mombasa, Tanga na Bujumbura, na nimejifunza kwamba mpangilio wa safari ndio unaoamua kama mtu atauelewa mji au ataondoka na picha tu. Wengi hupanga vituo kwa kuangalia kilicho karibu na hoteli yao. Mimi nashauri mpango mwingine: fuata njia ambayo mamlaka yenyewe yalipita, kuanzia Kasubi, penye masiro, yaani makaburi ya kifalme, alikozikwa Kabaka Mutesa I, kisha Mengo alikojenga mwanawe Mwanga II, na siku ya pili uende kwenye vilima ambavyo dini na wakoloni waligawana. Ukitembea hivyo, kila kituo kitakueleza kwa nini kinachofuata kipo.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Chagua miezi ya kiangazi ukiweza, yaani Desemba hadi Februari au Juni hadi Agosti. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, na udongo mwekundu wa vilima vya Kampala ukilowa huteleza kama sabuni. Raia wa Kenya na Rwanda huweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa, ilhali Mtanzania na aje na pasipoti. Wote wabebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kitambulisho chako kitembee nawe hata ukiwa mjini, kwa sababu viingilio hutofautiana kati ya raia na wageni, na ni vyema uweze kuonyesha utokako.

Mavazi yanahitaji uangalifu zaidi ya kitu kingine chochote. Wanawake wavae sketi au gauni refu linalofunika magoti hata wakiketi chini, na kila mmoja awe na leso mbili kwenye mkoba. Mwaka mmoja mpwa wangu alikuja na suruali ya kubana, nami sikumwonya mapema. Tulipofika langoni mwa Kasubi, mama mmoja mlinzi alimtazama, akatabasamu, kisha akasubiri kimya hadi tulipotafuta kitu cha kujifunga. Leso moja ilitosha kumaliza jambo, lakini nilijuta kwamba nilimwacha mtoto wa watu aingie kwa wenyewe akiwa na haya. Wanaume wavae suruali ndefu. Aliye na kanzu aje nayo bila wasiwasi: vazi hilo lilifika Buganda kwa wafanyabiashara wa pwani, na leo Muganda wa dini yoyote huvaa kanzu na koti juu yake kwenye harusi na katika shughuli za kifalme.

Jifunze pia salamu chache za Kiganda, na uzitumie kabla ya kufungua mdomo kwa Kiswahili. “Gyebale ko, ssebo” kwa mwanamume na “Gyebale ko, nnyabo” kwa mwanamke ni salamu ya kumpongeza mtu kwa kazi, na “webale” ni asante. Nasisitiza jambo hili kwa sababu yenye uzito. Tangu enzi za ukoloni Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshini hapa Uganda, na kwa familia nyingi za Buganda kilibaki kuwa sauti ya askari aliyegonga mlango usiku. Ni kweli kwamba marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na vijana wengi hawana tena mashaka nacho. Lakini mzee anayelinda kaburi la mfalme ana kumbukumbu ndefu. Ukianza kwa lugha yake, mara nyingi ndiye atakayehamia Kiswahili ili akusaidie.

Siku ya kwanza, asubuhi: Kasubi

Ondoka katikati ya mji mapema, kabla ya saa mbili, kwa kuwa barabara ya Hoima hufunga kwa msongamano. Magari ya abiria ambayo Mkenya angeyaita matatu na Mtanzania daladala, hapa huitwa takisi. Panda inayopita Kasubi, shuka sokoni, kisha upande kilima kwa miguu au kwa bodaboda. Ukipanda bodaboda, patana bei kabla hujakaa na udai kofia ya kujikinga.

Kasubi ndipo Mutesa I alipojenga ikulu yake mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa ndani yake, kinyume na desturi ya kale. Badala ya kilima hicho kuachwa kwa kaburi moja, makabaka wengine watatu wa baadaye nao walizikwa hapo. Mwanga II alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 na mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910. Daudi Chwa II alifariki mwaka 1939. Na Edward Mutesa II alifia London mwaka 1969, akarudishwa mwaka 1971. Ukiyasikia majina hayo manne asubuhi, utakutana nayo tena mchana kutwa, na hiyo ndiyo faida ya kuanzia hapa.

Lipa kiingilio langoni na uchukue mwongozaji wa pale pale. Usijaribu kutembea peke yako. Utapita Bujjabukula, nyumba ya lango iliyoezekwa kwa nyasi na kujengwa kwa nguzo za miti na matete. Simama hapo kidogo na utazame jinsi matete yalivyofungwa, moja kwa moja, kwa kamba za mimea, bila msumari kuonekana. Upande mmoja ipo nyumba ya ngoma, Ndoga Obukaba. Mbele yako utauona uwanja wa duara na nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga.

Hapa ndipo ninapowaomba wageni wasiwe na haraka. Paa lile la nyasi hushuka kutoka kileleni hadi karibu kugusa ardhi, na ukikaribia utaona kwamba halikutandazwa ovyo: nyasi zimefungwa mafungu mafungu, zikakatwa ncha kwa usawa, na unene wake unapita urefu wa mkono. Kazi ya kuezeka ni haki ya ukoo wa Ngeye, na hakuna fundi mwingine anayepanda juu ya paa hilo. Ndani, dari limeshikiliwa na pete za matete, kubwa chini na ndogo zaidi kila unapopanda, na jumla yake ni 52, kwa hesabu ya koo za Buganda. Pazia la mbugu, yaani nguo inayotengenezwa kwa kugonga gome la mti wa mutuba hadi lilainike, hutenga sehemu ya nyuma inayoitwa kibira, msitu. Waganda hawasemi kwamba Kabaka amekufa. Husema ameingia msituni, na msitu wenyewe ndio huo ulio nyuma ya pazia.

UNESCO iliiweka Kasubi katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu iliteketea kwa moto. Nakumbuka watu wazima wakilia barabarani kesho yake, wala hawakuwa wakilia kwa ajili ya jengo. Kazi ya kuijenga upya ilichukua zaidi ya muongo mmoja, kwa sehemu kwa sababu ujuzi wenyewe ulibidi ufundishwe upya kwa vijana, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Muulize mwongozaji wako ni sehemu zipi zinazofunguliwa kwa wageni siku hiyo, na ukubali jibu lake bila kubishana.

Ukiruhusiwa kuingia, vua viatu mlangoni, inama, na uketi juu ya mikeka kama anavyoketi mwongozaji. Sakafu za nyumba za namna hii hutandikwa mchaichai, na harufu yake hukupokea kabla macho hayajazoea giza. Usipige picha ndani isipokuwa umeruhusiwa waziwazi, na usinyooshe kidole kuelekea kwenye pazia. Utaona wanawake wazee walioketi kimya pembeni. Hao ni walinzi wa makaburi, wanaowakilisha wajane wa makabaka na kukaa hapo kwa zamu. Wasalimie kwa sauti ya chini. Tenga saa mbili kwa Kasubi nzima, kwa kuwa nyuma ya nyumba kuu kuna nyumba nyingine na makaburi ya wana na mabinti wa kifalme, na upande huo hauna watu wengi.

Siku ya kwanza, mchana: Mengo

Kutoka Kasubi chukua bodaboda hadi Lubiri, ikulu ya Mengo. Mwanga II alihamia kilima hiki mwaka 1885, na tangu hapo kibuga hakikuhama tena. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Buganda na Waingereza ulitiwa saini Mengo hii hii, ukagawa ardhi na kuleta hati za ardhi ambazo Waganda wanabishania mahakamani hadi leo.

Lango kuu huitwa Wankaaki. Kwa desturi, karibu na lango la Kabaka huwekwa moto unaotunzwa na mtu wa kazi hiyo tu, na Kabaka anapoondoka duniani tangazo lake ni kwamba moto wa Buganda umezimika. Ndani ya ua ipo Twekobe, nyumba ya kifalme yenye kuta nyeupe na kuba, ambayo mgeni huitazama kutoka nje tu. Usivunjike moyo, ua wenyewe una mengi.

Asubuhi ya tarehe 24 Mei 1966, wanajeshi wa serikali ya Milton Obote, wakiongozwa na Idi Amin, waliishambulia ikulu hii. Edward Mutesa II, ambaye alikuwa Kabaka na pia rais wa kwanza wa Uganda, aliruka ukuta, akatoroka hadi Burundi na kisha Uingereza, asirudi tena akiwa hai. Mwaka uliofuata falme zote zilifutwa, na Lubiri ikageuzwa kambi ya jeshi. Ukimwambia mwongozaji kwamba unataka kuona mahandaki ya Amin, atakupeleka kwa njia ya kuteremka mpaka kwenye ghala la silaha la zege lililochimbwa ndani ya kilima, ambalo liligeuzwa mahali pa kutesea watu. Mlango ni mpana, kisha njia inaingia gizani, na vyumba vimepangwa upande mmoja. Wafungwa walizuiliwa na maji yaliyotiwa umeme kwenye njia ya kutokea. Ukutani yamo maandishi na alama za mikono.

Nina ushauri mmoja kuhusu mahali hapo. Usimpeleke mtoto mdogo, na usiingie ukiwa unaongea. Kama mko wengi mnaozungumza Kiswahili, kumbukeni ni lugha gani waliyoisikia wafungwa wale kutoka kwa walinzi wao. Msikilizeni mwongozaji, na maswali myaweke hadi mkitoka juani.

Ukitoka Wankaaki, utaona barabara iliyonyooka kama uzi, ambayo mwisho wake ni jengo la Bulange. Huitwa Kabaka Anjagala, maana yake “Kabaka ananipenda”. Itembee kwa miguu yote; haizidi kilomita mbili. Pembeni kuna miti na alama za koo, kila moja ikiwa na mnyama, mdudu au mmea ambao watu wa ukoo huo hawaruhusiwi kula. Njiani utafika kwenye mzunguko uitwao Nantawetwa. Magari yote hulizunguka duara, lakini katikati yake kuna njia iliyofungwa kwa geti, nayo hufunguliwa kwa ajili ya Kabaka peke yake, kwa sababu Kabaka hapindi kona akielekea kwenye bunge lake. Nimeona wageni wakipita pale wakitazama simu. Simama, ushike chuma cha geti lile, utazame mbele uone Bulange na nyuma uone Lubiri. Mpango mzima wa kibuga utakuwa machoni pako.

Bulange lilijengwa katika miaka ya 1950, na ndimo Lukiiko, bunge la Buganda, hukutana, na ndimo zilimo ofisi za Katikkiro, waziri mkuu wa ufalme. Baada ya falme kufutwa jengo hili nalo lilichukuliwa na jeshi, na likarejeshwa baada ya ufalme kurudishwa mwaka 1993, Ronald Mutebi II alipotawazwa kuwa Kabaka mahali paitwapo Naggalabi tarehe 31 Julai. Ukumbi huweza kutembelewa siku za kazi pale ambapo Lukiiko haiketi, kwa hiyo jitahidi siku yako ya kwanza isiwe Jumamosi wala Jumapili.

Chakula cha mchana ukile Mengo, kwenye vibanda vya mama lishe: matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, na mchuzi wa karanga juu yake. Siku yenye luwombo, yaani nyama au kuku aliyefungwa na kupikwa ndani ya jani la mgomba, agiza hiyo.

Jioni, jua likipoa, shuka hadi Ziwa la Kabaka. Mwanga II aliamuru lichimbwe katika miaka ya 1880, akinuia kuliunganisha na ziwa kuu la Nalubaale, ambalo wengine hulijua kama Victoria. Machifu na raia walilazimishwa kuchimba kwa mikono, na uchungu wa kazi hiyo ulikuwa miongoni mwa sababu za kupinduliwa kwake mwaka 1888. Hakuna mengi ya kuona huko zaidi ya maji na ndege, lakini mtu aliyetoka Lubiri mchana huyatazama maji yale kwa jicho jingine.

Siku ya pili: vilima vya dini

Siku hii huenda kwa kasi zaidi, na isiwe Ijumaa wala Jumapili, kwa heshima ya ibada.

Anza Kibuli, upande wa mashariki. Uislamu ulitangulia Ukristo Buganda: Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu aliyetokea pwani, alifika kwa Kabaka Suuna II mwaka 1844, zaidi ya miaka 30 kabla ya wamisionari wa kwanza. Msikiti mweupe wa Kibuli, uliokamilika mwaka 1951, umesimama kwenye ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa I na kiongozi wa Waislamu wa Buganda. Kwa Mswahili kituo hiki kina undugu wa pekee, na ukifika na salamu ya Kiislamu utapokelewa kwa Kiswahili bila kuomba.

Vuka mji hadi Rubaga. Mutesa I alikuwa na ikulu hapa kabla ya Kasubi, na baadaye kilima kikapewa Wakatoliki. Kanisa kuu lenye minara miwili liliwekwa wakfu mwaka 1925. Ndani yake amezikwa Joseph Kiwanuka, Mwafrika aliyepewa uaskofu mwaka 1939. Kutoka Rubaga tembea hadi Namirembe, kilima cha Waanglikana, chenye kanisa la matofali mekundu lililokamilika mwaka 1919 baada ya lililotangulia kuteketezwa na radi mwaka 1910. Katika makaburi ya nje tafuta la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885 kwa amri ya Mwanga. Jana asubuhi ulisimama Kasubi kwenye nyumba alimolala Mwanga mwenyewe. Nenda ukiyafikiria makaburi hayo mawili kwa pamoja. Kasri, kanisa na hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na daktari mmisionari Albert Cook mwaka 1897, viko karibu kiasi cha kusikia ngoma ya kanisa ikilia.

Teremka Namirembe kuelekea Old Kampala kwa miguu. Kilima hiki ndicho kilichoupa mji wote jina lake, na ndipo Frederick Lugard, afisa Mwingereza, alipojenga ngome yake Desemba 1890, akiwa ana uwezo wa kuitazama ikulu ya Mengo kutoka juu. Leo umesimama hapo Msikiti wa Taifa. Wanawake hupewa vazi la kujifunika mlangoni, viatu huachwa nje, na mwongozaji hukupandisha mnara wenye ngazi zaidi ya 300. Panda polepole, ukiwa na chupa ya maji, na ujipangie kufika kileleni kati ya sala ya adhuhuri na ya alasiri.

Ukiwa juu, usianze kwa kutazama maghorofa ya mjini. Geukia magharibi kwanza, uitafute Namirembe iliyo karibu, kisha Rubaga nyuma yake upande wa kushoto. Shusha macho kusini mpaka uone miti ya Lubiri. Kibuli iko mashariki, nyeupe. Mwisho elekea kaskazini magharibi, juu ya mabati ya soko, na umwombe mwongozaji akuonyeshe Kasubi.